Mashine Isiyo na Mkunga

Mara ya kumi na tisa Nakundwa alipobonyeza kitufe cha kuthibitisha, kompyuta ya kisima ilifikiri kwa muda wa kutosha mtu kumeza mate mara mbili, kisha ikamjibu yale yale iliyomjibu tangu juzi: MUHURI HAUKUBALIKI. Haikusema kwa nini. Waliounda mashine zile walikuwa watu wa maneno machache, na Nakundwa alikuwa amefikia kutamani angalau mmoja wao awe hai bado, ili apate wa kumtukana.

Aliegemea ukuta wa chumba cha mitambo akafumba macho. Ukuta ulikuwa umetulia tuli. Kwa miaka kumi na miwili ulikuwa ukitetemeka kwa mwendo wa pampu, na watu wa Ngarasi walikuwa wameuzoea mtetemo ule kiasi kwamba sasa, ulipokatika, walilalamika kuwa masikio yanawauma.

"Fundi," Mbise aliita kutoka nje. "Tangi limeshuka chini ya mstari mwekundu."

Mbise alikuwa mwangalizi wa kisima, mtu wa miaka hamsini na ushee, mwenye kofia ya sufu asiyoivua hata jua la utosi likiwaka, na mwenye tabia ya kutangaza habari mbaya kwa sauti ya mtu anayeagiza chai.

"Zimebaki siku ngapi?"

"Watu wakioga, moja. Wakiacha kuoga, mbili. Lakini watu wa hapa unawajua. Ukiwaambia wasioge, ndiyo wanakumbuka kuoga."

Nakundwa hakuwa na nguvu za kucheka. Maji ya chini ya Ngarasi yalikuwa mengi na meupe, ukiyaona utayapenda, lakini yalitoka tumboni mwa mlima na yalijaa floraidi. Zamani floraidi hiyo ilikuwa ikiharibu meno na kupinda mifupa polepole, mtu akapata hata muda wa kuzoea. Mlima ulipoanza kupumua tena, miaka kumi na tano iliyopita, ilipanda mara ishirini. Mtoto akinywa maji mabichi wiki moja, anatapika. Akinywa mwezi, anaanza kuchechemea. Chujio kubwa la kisima ndilo lililowafanya watu wabaki pale, na chujio lilikuwa na vali mia mbili na kumi zilizofunguka na kujifunga kwa mpangilio ambao mikono ya watu isingeuweza hata wakijipanga kijiji kizima. Kompyuta ndiyo iliyouweza. Boza la maji kutoka mjini lingefika baada ya wiki tatu, kwa sababu mvua ilikuwa imechanganyika na majivu ya mlima na barabara yote ilikuwa uji.

Radi ilikuwa imepiga Jumatatu asubuhi. Vyuma vya kompyuta vilipona. Kilichoharibika ni mfumo endeshi, ile programu ya kwanza inayoziamsha programu nyingine zote, na bila hiyo kompyuta ilijua kufanya jambo moja tu, nalo ni kuomba isakinishiwe upya.

Kusakinisha upya kulikuwa na njia mbili tangu Mwaka wa Funza. Mwaka ule funza wa kompyuta waliingia kwenye mitambo ya nusu ya dunia kupitia kadi na kebo za kuazimana, mabwawa yakajifungua yenyewe, na waliobaki salama wakaweka sheria ndani ya chipu zenyewe: kompyuta isipokee mfumo endeshi kutoka kwa mtu wala kadi, ila kutoka kwa kompyuta nyingine ya ukoo wake, na hiyo nyingine ijifute kwanza kila ilichobeba isije ikaambukiza. Mafundi waliiita kompyuta hiyo ya pili mkunga. Njia nyingine ilikuwa ya mashine kujizalisha yenyewe, kwa kutumia akiba iliyofichwa ndani yake tangu kiwandani. Kwa hilo ilihitaji muhuri kutoka makao makuu, unaokuja kwa mawimbi na kuishi saa moja tu tangu unapotolewa.

Nakundwa hakuwa na mkunga, kwa hiyo tangu Jumatatu alikuwa anaomba mihuri. Siku ile ya kwanza antena ilikuwa imepinda kwa radi, akalazimika kupanda nayo kilimani na kuishika kwa mikono miwili kwenye mvua, huku Mbise akiwa chini mbele ya kompyuta, wakiongea kwa redio ya upepo. Mbise alisoma maswali, Nakundwa akajibu, Mbise akaandika. Lugha? Kiswahili. Mahali? Ngarasi. Tarehe? Akamwambia. Saa? Nakundwa alitazama mkononi. Weka saa nne na dakika ishirini. Muhuri wa kwanza ukashuka, ukakataliwa. Tangu hapo alikuwa ametengeneza antena, ameshuka, na kuomba mihuri mingine kumi na minane. Sasa aliamini kwamba akiba ya ndani imeoza, na muhuri hausaidii kitu kilichooza.

"Laiti tungekuwa na mashine ya pili," Mbise alisema, akichungulia mlangoni. "Hata ya kuazima."

"Hazipo tena. Zilikusanywa zikayeyushwa."

Alisema hivyo huku akikusanya bisibisi zake, asimtazame. Ilikuwa karibu kweli. Alijua ilipobaki moja. Asubuhi ile ile alikuwa ameifuta vumbi kwa pindo la kanga, kifuani pa mama mkwe wake.

*

Mwalimu Ndelilio alipata kiharusi miaka tisa iliyopita. Kilimchukulia upande wa kulia, kikamchukulia ulimi, na kikamvurugia herufi hata asiweze kusoma jina lake. Sauti alirudishiwa na kisanduku cha ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, kilichoning'inia shingoni kwa uzi na kusikiliza nyuzi nyembamba alizowekewa chini ya ngozi ya kichwa. Mwanzoni kisanduku kilikuwa hakimwelewi: alitaka kusema mji kikasema maji, alitaka mkeka kikasema mkate. Kilijifunza pole pole. Sasa kilijua hata namna yake ya kuguna kabla ya kukataa jambo. Yote kiliyojifunza yalikaa ndani yake tu, kwa sababu kampuni iliyokitengeneza ilikwisha kufa na ghala lake la kumbukumbu likafungwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekula?"

"Nitakula."

"Hujala. Mashine inasemaje?"

"Nasubiri kipuri."

Mwalimu alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha magurudumu karibu na dirisha, mkono wa kushoto juu ya paja. Mkono huo ulikuwa unatetemeka siku zote, lakini jicho halikutetemeka hata kidogo.

"Naku, nimefundisha darasa la tatu miaka thelathini na nne. Mtoto akidanganya anaangalia dari. Sasa hivi unaangalia dari yangu."

Nakundwa alishusha macho. Alikaa kwenye kigoda akavua viatu, na miguu ilimshukuru.

"Kipuri gani?" Mwalimu aliuliza.

"Mashine ya pili, mama. Ya ukoo ule ule. Hakuna."

"Hakuna, au hutaki kuitaja?"

Nje, mtoto wa jirani alikuwa anapiga ndoo tupu kwa kijiti. Nakundwa aliombea aendelee kupiga, ili pawe na kitu kingine cha kusikiliza.

"Mwaka juzi ulikifungua hiki kidude ili ukisafishe," Mwalimu aliendelea. "Ukajichekea peke yako, ukasema, mama, kumbe umebeba ndugu yake kompyuta ya kisima. Nilipooza mkono na mguu, mwanangu. Masikio hayakupooza."

"Mkunga lazima afutwe kwanza." Nakundwa alisikia sauti yake ikipanda, akashindwa kuishusha. "Kila kitu, mama. Miaka yote tisa. Utarudi kuwa bubu kama ulivyotoka hospitali. Safari ile ulichukua miaka miwili kufikia sentensi moja, na ulikuwa na miaka sitini na mitano."

"Na sasa nina sabini na minne. Hesabu nilikuwa nafundisha mimi."

"Basi usiniombe."

"Sijakuomba. Nakuuliza kama inawezekana."

Nakundwa alirudisha macho darini, na kwa Mwalimu hilo lilikuwa jibu.

"Nikuambie kitu ambacho wewe hukukiona, kwa sababu ulikuja kuolewa hapa chujio likiwa tayari," alisema. "Darasa langu lilikuwa na watoto arobaini. Nikiwaambia kitu cha kuchekesha walicheka wote, na wote waliziba midomo kwa mikono. Arobaini wote, fikiria. Kwa sababu ya meno. Walijifunza kuziba mdomo kabla ya kujifunza kuandika, na wale waliopinda miguu walikaa nyuma ili wasipite mbele za wenzao. Marehemu Elisaria mwenyewe, mume wako, ulimwona akicheka bila mkono mdomoni?"

"Hapana," Nakundwa alisema.

"Sasa watoto wa hapa wanacheka mdomo wazi mpaka unaona kimio. Mimi nakaa dirishani hapa kuwatazama. Unafikiri ninatazama nini mchana kutwa, mbuzi?"

Nakundwa alikuwa anampenda mwanamke huyu, na hakuwahi kumwambia kwa sababu hajui mtu anaanzia wapi. Alipoolewa alimwogopa. Elisaria alipofariki, miaka minne nyuma, ndugu zake Nakundwa walikuja kutoka Upare kumrudisha kwao, wakakaa siku tatu, wakarudi bila yeye. Watu walisema amebaki kwa ajili ya nyumba. Alibaki kwa sababu kila jioni kulikuwa na sauti ya kubishana nayo, na alijua kwamba akirudi kwao angekaa kwenye chumba kizuri chenye kimya.

"Nipe hadi kesho kutwa. Nitajaribu tena akiba."

"Umejaribu mara ngapi?"

"Kumi na tisa."

"Mtoto akinipa jibu moja mara kumi na tisa nikalikosoa mara kumi na tisa, shida siyo jibu. Hajasoma swali."

"Hii siyo darasa la tatu, mama!"

"Naona. La tatu wangenisikiliza." Kisanduku kiliguna. "Nyie Wapare nawajua, mnaweza kuuza ng'ombe ili mkaendeshe kesi ya kuku. Hukumu imeshatoka, Naku. Sauti ni yangu. Kesho saa tatu."

Jioni ile Nakundwa alitegemea kwamba Mwalimu angeitumia sauti kwa mambo makubwa, labda kusali, labda kumwachia wosia. Mwalimu aliagiza aitwe jirani yao, Mama Urio, akamgombeza robo saa nzima juu ya mbuzi dume anayekula maua yake ya ukutani. Mama Urio hakuwa na habari ya lolote, akajibu mapigo. Waligombana kwa raha zao mpaka chai ikapoa.

*

Asubuhi Mwalimu alitaka kuwapo. Nakundwa alimsukuma kwenye kiti chake mpaka kisimani, njia nzima wakinyamaza, kwa kuwa kila Nakundwa alipotaka kusema kitu aliona ni kupoteza zamu ya mwenzake. Mbise alikwisha kuelezwa. Alisimama mlangoni akavua kofia, na kumbe alikuwa na upara.

"Vaa kofia, Mbise," Mwalimu alimwambia. "Sijafa."

Nakundwa aliunganisha kebo kutoka kisandukuni hadi kwenye kompyuta ya kisima. Mashine hizo mbili zilitambuana mara moja, kama ndugu wanaokutana msibani, na kwenye skrini likatokea swali moja: MKUNGA AFUTWE? Kidole gumba cha Nakundwa kilikaa juu ya kitufe. Alikuwa hajalala vizuri siku nne. Alijisikia mzito mpaka kwenye kope, na ndani ya uchovu ule kulikuwa na sauti ndogo iliyomwambia akubali tu, amalize, akalale. Aliichukia sauti ile kwa sababu ilikuwa yake.

"Naku."

"Abee mama."

"Huu mto wa mgongoni uko chini mno."

Nakundwa aliuvuta juu, akaupiga piga. "Hapo?"

"Juu kidogo. Hapo."

Akabonyeza.

Kisanduku kilizima taa yake ndogo ya kijani. Mwalimu alifungua mdomo, upande mmoja ukafunguka na mwingine ukabaki, na hakikutoka kitu. Alikuwa anajaribu. Kila mtu angejaribu. Nakundwa aligeukia skrini kwa sababu alishindwa kutazama.

Ilichukua dakika arobaini na moja. Kisha vali ya kwanza ikalia chini ya sakafu, ya pili ikafuata, na pampu ikavuta pumzi ndefu. Ukuta ukaanza kutetemeka. Nje wanawake waliopanga ndoo walipiga vigelegele, na mtu mmoja akaanza kugonga debe. Mwalimu alinyoosha mkono wa kushoto akauweka ukutani, akauacha pale.

Nakundwa angeenda nje akashangilie na wenzake, lakini fundi aliyesomeshwa vizuri husoma shajara ya usakinishaji, pale mashine inapoandika kila ilichofanya, kabla ya kuondoka, na yeye alikuwa amesomeshwa vizuri. Mistari mingi ilikuwa ya kawaida. Mitatu haikuwa ya kawaida.

AKIBA YA NDANI: NZIMA.

MIHURI ILIYOKATALIWA: 19. SABABU: IMETOLEWA WAKATI AMBAO HAUJAFIKA.

SAA IMEREKEBISHWA KUFUATA MKUNGA. TOFAUTI: SAA SITA MBELE.

Alisoma mara tatu. Mara ya tatu aliisoma kwa kidole.

"Mbise," aliita. "Jumatatu ile nikiwa kilimani, uliponiuliza saa, uliandika ngapi?"

"Si uliniambia nne na dakika ishirini? Nikaandika nne na ishirini." Mbise alimtazama. "Kwani ilikuwa ngapi?"

Ilikuwa saa nne na dakika ishirini. Kila aliyekuwa Ngarasi asubuhi ile angesema hivyo. Watu huanza kuhesabu saa jua linapochomoza, mashine huanza kuhesabu katikati ya usiku, na saa nne ya asubuhi kwenye mashine huandikwa kumi. Nakundwa alijua hilo tangu chuoni, na siku zote alijumlisha sita bila kufikiri, kama mtu anavyofunga kifungo. Lakini siku ile alikuwa kwenye mvua ameshika antena, akaulizwa saa kwa Kiswahili, akajibu kwa Kiswahili. Mashine ikaamini kwamba ni alfajiri. Kila muhuri aliouomba uliandikwa saa sita mbele ya saa ya mashine, na hakuna mlinzi mwenye akili atakayepokea barua iliyoandikwa kesho. Skrini ya uokozi haikuonyesha saa popote, na yeye hakuwahi kuiuliza. Kitu pekee kilichotakiwa ni kufuta nne na kuandika kumi.

Mkunga hakuhitajika. Hakuhitajika kabisa.

"Fundi, vipi?" Mbise aliuliza. "Kuna tatizo?"

"Hapana. Inafanya kazi."

Chini ya shajara kulikuwa na kitufe cha kuifuta. Makao makuu hawakuwa wakisoma shajara za visima vya mbali, na Mbise hakuona ajabu yoyote, yeye alisikia nne akaandika nne. Nakundwa alikitazama kile kitufe kwa muda. Hakukibonyeza. Alizima skrini, akachukua kisanduku kitupu, akamvisha Mwalimu shingoni kwa uzi wake ule ule.

*

Wiki zilizofuata watu waliwaletea maziwa, mkaa, na loshoro, ule mchanganyiko wa mahindi na mtindi, kwenye makopo mpaka wakakosa pa kuweka. Mama Urio alimfunga mbuzi wake bila kuambiwa, akaja kulia miguuni kwa Mwalimu. Njiani watu walimshika Nakundwa mkono kwa mikono miwili. Wewe na Mwalimu mmetuokoa, walisema, na yeye aliitikia asante, asante, akitazama dari ambayo haikuwapo. Mchungaji aliwataja kanisani. Nakundwa alikaa benchi la nyuma akatoka kabla ya baraka.

Kisanduku kilikuwa kinaanza upya kama kilivyoanza zamani, kwa maneno mawili, ndiyo na hapana. Kila asubuhi Nakundwa alivuta kigoda mbele ya kiti cha magurudumu. Taa ikiwaka kijani, Mwalimu alipaswa kufikiria neno moja na kulishikilia, na kisanduku kisikilize. Mara mia asubuhi, mara mia jioni. Hakukuwa na njia ya mkato, na kisanduku hakikuchoka, ila wao walichoka. Kuna siku Mwalimu alilala katikati ya neno. Kuna siku Nakundwa alilala kabla yake. Jirani mmoja alipendekeza kwamba mgonjwa awe anakonyeza tu, mara moja kwa ndiyo na mara mbili kwa hapana, na Nakundwa akamweleza kwamba zamani, kisanduku kilipopata maneno, kitu cha kwanza Mwalimu alichowaambia manesi ni kwamba yeye hajawahi kukonyeza watu, siyo mhuni.

Habari ya saa hakumwambia Mwalimu. Alijiambia kwamba kumwungamia mtu asiyeweza kujibu ni kumpiga mtu aliyefungwa kamba, kwamba ni haki Mwalimu apate kwanza neno la kumtupia. Hoja hiyo ilikuwa nzuri. Lakini alijua pia kwamba anaogopa, na kwamba kila siku kisanduku kiliposhindwa alisononeka, na chini ya masononeko hayo alishukuru, naye alijiona mtu wa hovyo kwa kushukuru huko. Mara mbili alikaribia kuamua kunyamaza moja kwa moja. Ukweli ungemsaidia nini mama? Alikuwa ametoa sauti yake watoto wacheke, na watoto wanacheka, unawasikia hapo nje. Kwa nini umnyang'anye na hilo? Halafu anamvua mama nguo amwogeshe, anaona alama ya uzi shingoni, na anajua kwamba anayelindwa hapa siyo mama.

Siku ya ishirini na tatu neno la kwanza lilishika. Lilikuwa hapana, na hakuna aliyemjua Mwalimu ambaye angeshangaa. Siku ya ishirini na sita likaja ndiyo. Nakundwa aliyajaribu kama kitabu cha maelekezo kilivyosema, kwa maswali ambayo majibu yake yanajulikana.

"Jina lako ni Ndelilio?"

"Ndiyo," kilisema kisanduku. Sauti ilikuwa ya kiwandani, haikuwa na umri wala ukali.

"Wewe ni mwanamume?"

"Hapana."

"Tuko Dodoma?"

"Hapana."

"Mimi ni mkwe wako?"

"Ndiyo."

Yalikuwa sahihi yote. Mwalimu alimtazama kwa jicho lake la darasani, akingoja swali linalofuata, na Nakundwa hakuwa na kisingizio kingine.

"Mama, nina neno nataka kukuambia. Ukitaka ninyamaze sema hapana."

Kisanduku hakikusema kitu.

Alimwambia. Alianzia kilimani, kwenye mvua, akamwambia saa aliyoitaja na saa iliyotakiwa, akamwambia mihuri kumi na tisa ilikuwa mizima na akiba ilikuwa nzima. Alimwambia kwamba aliyajua yote dakika chache tu baada ya kubonyeza, wakati vigelegele vinapigwa, na kwamba amekaa nayo siku ishirini na sita akipokea loshoro ya watu. Hakumtaja Mbise. Alipofika kwenye maneno ya kwamba sauti yako haikuhitajika, mama, nilikufuta bure, ilibidi ayaseme mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hayakusikika.

Mwalimu aligeuza uso dirishani. Nakundwa alisubiri. Hakujua amesubiri muda gani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu ile hakutazama saa.

"Unanisamehe, mama?"

Taa ya kijani iliwaka. Kisanduku kilisikiliza kwa muda mrefu kuliko kilivyowahi kusikiliza.

"Hapana."

Nakundwa aliitikia kwa kichwa. Machozi yalimshuka, akayaacha. Alikuwa amelipata jibu alilolistahili, na alishangaa kwamba mwili wake umekuwa mwepesi, hata kama moyo ulimuuma kama kidonda. Alifikiria basi la Upare, na sanduku lake lililokaa juu ya kabati tangu siku ya harusi.

"Unataka niondoke?"

Safari hii kisanduku hakikuchelewa. Kilijibu kabla hajamaliza kuuliza, na Mwalimu akageuka kutoka dirishani akamkazia jicho.

"Hapana."

Kisha Nakundwa alijifuta uso kwa kanga, akavuta kigoda karibu, akafungua kitabu cha maelekezo kwenye ukurasa uliofuata.

"Haya basi, mama," alisema. "Neno la tatu."